Kamba Niliyoikata Langoni

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta, maana humu mna wasomi, mna wazee wa kofia na fimbo, mna wanafunzi wenye simu za kunasa kila kitu, na ungeweza kumshuku yeyote kati yao kabla ya kufika kwangu. Usijisumbue. Mjinga alivaa sare ya buluu, buti zilizoisha kisigino upande mmoja, na beji kifuani iliyoandikwa Njue.

Nilikuwa askari wa lango katika chuo kikuu kimoja kilicho kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, ukishaipita Runyenjes. Jina la chuo nitaliacha lilale. Kabla ya hapo nilipakia mchanga Kiritiri mpaka mgongo ukakataa, nikapika uji wa shule mpaka ukaungua mbele ya mkaguzi, nikalinda duka la dawa za mifugo ambalo liliibwa nikiwa ndani. Dunia ilikuwa imenizaba makofi mashavu yote mawili, ndipo nikajifunza kucheka mapema, ili kofi la tatu likija linikute meno yakiwa tayari nje. Kwa hivyo pale langoni nilijulikana kwa mzaha. Mhadhiri akisahau kitambulisho, nilimwomba aimbe wimbo wa taifa nione kama ni Mkenya. Wengi walicheka. Wasiocheka waliandika barua.

Mwaka huo mkuu wa wanafunzi, Dokta Muthamia, alituletea Kanuni ya Vileo, Dawa za Kulevya na Tumbaku. Ilibandikwa langoni nyuma ya kioo, vipengele kumi na vinne. Bia hakuna, chang'aa hakuna, busaa hakuna. Bangi hakuna. Sigara, shisha, kuber ya kuweka mdomoni, hata ugoro wa kunusa, hakuna. Kipengele cha tisa kilikuwa cha miraa, na kilikuwa kirefu kuliko vyote: isiingie chuoni kwa hali yoyote, iwe vijiti, iwe majani, iwe unga, na mwanafunzi atawajibika kwa chochote kitakachoingizwa na mgeni wake. Adhabu ilikuwa moja tu, kufukuzwa.

Ukitazama chuo kilipokaa, hutakosa kucheka. Juu yetu ni Meru, kunakotoka miraa ya vijiti. Chini yetu ni Mbeere, kunakotoka muguka, yale majani machanga ya mti ule ule. Nusu ya wanafunzi wetu walisomeshwa na mti huo. Mwanzoni Dokta aliandika "miraa" peke yake, na vijana wa Kiritiri wakaja na mifuko ya muguka wakinielimisha, "Soja, soma vizuri. Hii si miraa. Hii ni mboga ya kwetu." Dokta akaongeza neno "majani" siku hiyo hiyo.

Kuhusu ugoro nitakwambia moja tu. Siku ya mahafali niliagizwa niwakague akina nyanya. Nilikusanya vikebe vyao kwenye katoni ya majani chai, kila kikebe na kipande cha karatasi chenye jina. Nyanya mmoja wa Karurumo alinishika mkono akaniambia hajawahi kukaa kutwa bila kunusa tangu mzungu aondoke. Nikamwambia, "Cucu, leo utanusa digrii ya mjukuu." Foleni nzima ikacheka. Yeye aliketi juani saa nyingi mikono ikimtetemeka, na jina la mjukuu wake liliposomwa alikuwa ameinamisha kichwa magotini, hakuona kitu. Nami nilikuwa bado nausimulia ule mzaha kwa wapishi wa kantini. Nakueleza haya ili ujue ni mtu wa aina gani aliyekuwa langoni Jumamosi ninayotaka kuisema.

Ijumaa, siku moja kabla, Dokta aliniita ofisini. Kwa miaka miwili hakuwahi kunipa kiti.

"Keti, Njue. Mkataba wako unaisha mwezi ujao, sivyo?"

"Ndivyo, Dokta."

"Kuna nafasi moja ya kudumu. Tunataka mtu asiyeogopa uso wa mtu."

"Mimi hata huu wangu siuogopi, Dokta, na unauona ulivyo."

Hakucheka. Alipanga kalamu zake mezani, nyeusi na nyeusi, nyekundu na nyekundu. "Kesho utakuwa lango kuu, tangu asubuhi. Kaberia nimempa ofu, apumzike. Kuna wageni watakuja. Kila mzigo ufunguliwe. Awe mzee, awe padre, awe mgeni wa nani."

"Hata wako, Dokta?"

"Hasa wangu."

Nilitoka mle nikijiona nimerefuka. Kaberia, mwenzangu wa zamu, ni Mmeru wa Igembe, kwao na Dokta ni kumoja. Nikasema moyoni, unaona sasa, mtu mkubwa ameachana na wa kwao akamchagua Muembu. Nilipomaliza kazi nilipitia Runyenjes nikanunua rangi ya viatu.

Jumamosi saa nne asubuhi likaja gari, wakateremka wanaume wanne wenye makoti mazito. Kiogora alikuwa ameshafika kuwapokea. Kiogora alikuwa mwanafunzi wa kilimo, mwaka wa nne, kijana wa Igembe ambaye kila asubuhi alinisalimia kwa kusimama, si kwa kupita. Mitihani yake ya mwisho ilikuwa ianze baada ya siku tisa. Siku hiyo alivaa suti ya kuazima, mikono imeishia juu ya vifundo. Mkubwa wa wale wageni alikuwa mjomba wake, Mzee Mithika, naye alibeba mikononi kitu kilichofungwa kwa majani mabichi ya mgomba na kukazwa kwa kamba ya mgomba, urefu wa mtoto wa miezi sita.

"Baba Nelius, umeamkaje?" Kiogora akasema. Nelius ni binti yangu, na wenye adabu huniita kwa jina lake. "Hawa ni wazee wangu. Tunaenda nyumbani kwa Dokta, hapo kwa nyumba za wafanyakazi. Anatungoja."

"Anawangoja, na mimi nawangoja pia. Mtoto huyu ni wa nani, mbona amefunikwa uso?"

Mzee Mithika alitabasamu kidogo, kama mtu aliyezoea kutaniwa na wadogo wake. "Ni mzigo wa Muthamia. Yeye ndiye ataufungua."

"Hapa langoni, mzee, Muthamia ni mimi."

"Hii haifunguliwi njiani. Mpigie simu, atakwambia."

Nilipiga. Ikalia mpaka ikachoka. Nikapiga tena, nikaambiwa mteja hapatikani.

"Dokta hapatikani," nikawaambia. "Kipengele cha tisa kinapatikana, kiko hapo nyuma ya kioo."

Kumbe tumeshapata watazamaji. Ilikuwa Jumamosi, wanafunzi wametoka na mabeseni ya nguo, na nilipoona simu kumi zimeinuliwa, ulimi ukapata mafuta. Nikasema wageni wanaokataa kufungua mzigo ni wa aina mbili, mwizi na bibi harusi. Nikasema huyu mtoto akilia nitamnyonyesha. Kiogora alinisogelea akasema polepole, "Baba Nelius, tafadhali. Nikuombe kama mzazi. Ngoja Dokta." Mimi nikatoa kisu changu cha kumenyea machungwa nikakata kamba.

Majani yakafunguka. Ilikuwa miraa, lakini hata mimi mtu wa muguka niliona kwamba haikuwa ya barabarani. Vijiti vyekundu, vya urefu mmoja, vimelala kama vimechanwa kwa kitana.

Mmoja wa wale wazee akavua kofia. Mwingine akaketi juu ya lile jiwe la lango lililopakwa chokaa, akachafua koti lake zuri. Nikadhani ni kuogopa sheria. Nikachukua kijiti kimoja, kirefu kuliko vyote, nikakibandua ganda kwa meno na kutafuna huku nimezielekea simu.

"Ushahidi lazima uthibitishwe," nikasema. "Naam. Ni miraa, na ni tamu."

Kicheko kikapanda mpaka hosteli.

"Umefungua," Mzee Mithika akasema.

"Nimefungua."

"Umetafuna."

"Kimoja tu, mzee, usinihesabie."

"Basi tupe msichana."

"Mimi nina Nelius tu, na yuko darasa la tatu. Mtangoja."

Mwanafunzi mmoja aliangusha beseni kwa kucheka. Mzee Mithika alinitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula cheti: hasira ipo, lakini utamwambia nini mbuzi.

Nikafungua kitabu cha matukio. "Mali ya nani?"

"Yangu," mzee akasema.

Nikatoa pingu mfukoni. Sikukusudia kumfunga, nilitaka tu zilie mbele ya simu. Lakini Kiogora alizisikia, akaja katikati yetu. "Muache mzee, Baba Nelius. Andika mimi. Anayeoa ni mimi, mzigo ni wangu."

Nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la nane, ambao hata walimu waliusifu: miraa, fungu moja kubwa, mali ya Kiogora, mwaka wa nne. Akatia sahihi. Nikamwambia asante kwa kunirahisishia kazi.

Jumapili baada ya ibada Kaberia alirudi. Alinikuta nakunywa chai ndani ya kibanda chetu cha lango. Alikuwa na ile video kwenye simu yake, kama kila mtu kutoka Chuka hadi Embu mjini.

"Baba Nelius, ulikata kamba ya ncoolo?"

"Nilikata kamba ya miraa."

Akaketi. Kaberia ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyatumia yote. "Kwetu mtu akitaka msichana, wazee wake humpelekea baba yake fungu la miraa. Hilo ndilo ncoolo. Si la kuuza. Huchaguliwa kijiti kwa kijiti. Baba akilifungua mwenyewe na kuwagawia ndugu zake, amekubali. Akilirudisha limefungwa, amekataa."

"Na likifunguliwa na mtu mwingine?"

"Hakuna mtu mwingine. Hata mwizi ataiba gari aliache lile fungu kando ya barabara. Likifunguliwa na mtu mwingine si ncoolo tena. Ni miraa tu."

Chai ikanipoa mkononi. Nikamsimulia ya Ijumaa ofisini, nikamwuliza kama Dokta aliyajua hayo. Akanitazama kwa huruma, na huruma ya Kaberia ni mbaya kuliko tusi.

"Dokta na watu wa Kiogora wanapakana shamba kwa shamba. Binti yake, Karimi, aliyebaki naye tangu mama yake aondoke, amependana na huyo kijana mwaka wa tatu sasa. Akirudisha fungu limefungwa, kijiji kizima kitamuuliza sababu, na sababu hana, ila tu anataka mkwe wa Nairobi. Kwa hivyo hakulirudisha. Alimwambia Mithika hana nafasi ya kusafiri, walete hapa chuoni. Mithika akamuuliza kwa simu, na lango lenu? Akajibiwa, mgeni wangu hapekuliwi." Akarudisha simu yake mfukoni. "Mimi ningeinua kizuizi nikainamisha kichwa. Ndiyo maana nilipewa ofu ambayo sikuomba."

"Kwa hivyo hakunichagua kwa sababu siogopi."

"Alikuchagua kwa sababu hujui."

Nimetukanwa na madereva, na walevi, na mama mkwe mara mbili kwa mwaka, lakini hakuna aliyewahi kunipima na kunishona sawasawa namna ile. Nikamwuliza Kiogora itakuwaje.

"Kamati ya nidhamu ni Jumatano. Wakimfukuza hatafanya mtihani, na miaka minne imekwenda. Wewe utaitwa. Sema alichokuambia Ijumaa."

"Na kazi yangu?"

"Kazi gani?" Kaberia akasema.

Jumatano tuliketi kwenye chumba cha mikutano chenye meza ndefu na maji ya chupa. Dokta Muthamia kwenye kiti cha mbele. Wahadhiri wawili. Kiongozi mmoja wa wanafunzi, ambaye alikula biskuti kesi nzima. Na Madam Marcella, mwanasheria wa chuo, aliyekuwa anaandika. Kiogora alisimama upande mmoja katika suti ile ile. Mzee Mithika aliruhusiwa kuingia, kwa kuwa ndiye aliyebeba. Karimi alikataliwa, yeye alikuwa mwalimu wa shule ya Karurumo, si mtu wa chuo, kwa hivyo alibaki koridoni.

Madam Marcella ndiye aliyeanza. "Dokta, jambo hili linagusa nyumba yako. Hungependa kukaa kando?"

"Lingegusa nyumba yangu kama kingefika nyumbani kwangu kitu. Kuna kilichofika?"

Madam Marcella akatazama karatasi zake. Hakikufika.

Kiogora akaeleza kwa sauti ya mtu anayejibu swali la darasani: mapenzi yao, simu ya mjomba, ile ahadi kwamba mgeni hapekuliwi. Alipomaliza Dokta alikuwa bado anatikisa kichwa kwa upole.

"Nilikaribisha wageni kwa chai. Chai ilipikwa, ikapoa. Sikukaribisha miraa. Mimi ndiye niliyeandika kipengele cha tisa. Kuna mtu hapa anaweza kuamini nilikiandika kwa mkono mmoja nikaita miraa kwa mkono mwingine?"

Hakuna aliyeamini. Hata mimi niliyejua, kama ningesikiliza kwa sikio la mwalimu, nisingeamini.

Mzee Mithika akainuka. "Muthamia, tuongee kama watu. Wewe ulisomeshwa na nini?"

"Miraa ya baba yangu."

"Basi?"

"Basi naijua kuliko nyote mliomo humu. Nimewazika ndugu zangu wawili waliokuwa wakiitafuna badala ya kula. Ndiyo maana kipengele chake ni kirefu."

"Ile haikuwa ya kutafuna. Ilikuwa ncoolo."

"Vizuri. Kamati haijui desturi zetu, tuwafundishe. Ncoolo hufunguliwa na nani?"

Mzee alisita. Aliona shimo, lakini mguu ulikuwa umeshainuka. "Na baba ya msichana."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Na ile mliyoleta langoni ilifunguliwa na nani?"

Watu wote wakanigeukia. Mzee Mithika hakunigeukia, alinyoosha tu kidole nyuma yake, kama unavyoonyesha mahali ulipokanyaga kinyesi.

"Kwa hivyo ilikuwa nini?" Dokta akauliza.

Mzee akaketi. Nilisikia kalamu ya Madam Marcella ikienda.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jumapili, na sitajivunia, lakini niliyasema yote: kiti nilichopewa, nafasi ya kudumu, ofu ya Kaberia, na lile neno "hasa wangu." Kiogora aliinua macho. Kwa muda mfupi uso wake ukawa na rangi tena, na mimi ndiye niliyemrudishia, na nikasema moyoni, Njue, leo umekuwa mtu.

Dokta hakukasirika. "Nilikuambia ukague mizigo?"

"Ndiyo."

"Askari kukagua mizigo ni kosa?"

"Si kosa, Dokta, lakini ulisema hasa ya wageni wako."

"Ningesema isipokuwa ya wageni wangu, hapo ungenisifu?"

Mhadhiri mmoja akatikisa kichwa kukubali, tena kwa heshima.

"Nilikuambia ukate kamba kabla hujanipata kwa simu?"

"Hukusema hivyo."

"Nilikuambia utafune?"

Akamgeukia mwanasheria. "Madam, tuoneshe ile video."

Ikaoneshwa ukutani, mimi mkubwa kama mlango, meno yote nje, ganda limening'inia kwenye mdomo. *Naam. Ni miraa, na ni tamu.* Langoni ilichekesha. Mle ndani ilisikika kama mtu anayezungumza msibani akiwa amelewa. Na baada yake sauti ya Mzee Mithika ikiomba msichana, na mimi nikimtaja mtoto wangu. Yule kiongozi wa wanafunzi aliziba mdomo kwa biskuti.

"Naomba kamati ipime uzito wa ushahidi wa askari aliyetumia kileo akiwa zamu," Dokta akasema.

Madam Marcella alinitazama juu ya miwani. Sidhani alikuwa mtu mbaya. "Bwana Njue, una la kuongeza?"

Na hapo, badala ya kusema neno moja la kumsaidia yule kijana, ulimi wangu ukafanya ulichozoea. "Ilikuwa kijiti kimoja tu, madam."

"Kanuni haihesabu vijiti," akasema, akaandika.

Uso wa Kiogora ukarudi ulipokuwa.

Walitutoa nje, wakaturudisha baada ya muda wa kikombe cha chai. Kiogora alifukuzwa chuo, atoke hosteli kabla ya saa kumi jioni, na hatakubaliwa tena. Mimi niliachishwa kazi, nirudishe sare, kofia na pingu. Barua zilikuwa tayari. Nilipoisoma yangu niliona ina tarehe ya Jumanne. Nikachungulia ya Kiogora. Jumanne.

Koridoni Karimi alikuwa amesimama dirishani, sweta ya kufundishia, chaki imemjaa vidoleni. Alikuwa ametoka darasani akaacha watoto na kazi ya kunakili. Kiogora alimpa barua asome. Mzee Mithika aliegemea ukuta. Mimi nikamfuata Kiogora, nikamshika kiwiko.

"Ndugu yangu, nisamehe. Sikujua."

Aliondoa mkono wangu bila nguvu. "Ya barua nitazoea, Baba Nelius. Lakini nilikuomba kama mzazi, mbele ya wazee wangu, na ukawachekesha watu. Hiyo sijui nitaiweka wapi."

Sikuwa na mzaha wa hiyo. Nikarudi nyuma, nikasimama karibu na mtungi wa maji.

Mlango ukafunguka, Dokta akatoka na faili kwapani, wale wahadhiri nyuma yake. Karimi hakumpisha.

"Baba, langoni walipokupigia simu Jumamosi, ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Ulikuwa kwenye kiti chako sebuleni. Nilikuwa naweka vikombe. Ililia mkononi mwako, ukaitazama, ukaizima."

"Haya si ya kuongea koridoni."

"Ndani nimekatazwa."

"Karimi, unaniaibisha mbele ya wafanyakazi."

"Wa kuaibika ni huyu hapa," akasema akinionyesha mimi, "na yeye angalau amesema."

Nilitamani ule mtungi uwe mkubwa nijifiche. Wahadhiri walijifanya kusoma matangazo ukutani, matangazo ya mpira ya mwaka juzi. Dokta alimwangalia Kiogora, kisha barua, kisha binti yake, na sauti yake ikashuka, ikawa laini kabisa, sauti ambayo nadhani wanafunzi waliofukuzwa wote waliisikia.

"Mwanangu, sina chuki na kijana. Ila tuongee ukweli, kama watu wazima. Leo hii ana nini? Mtihani hafanyi. Kazi hana. Wazee wake hawatafunga fungu la pili, baada ya aibu ile hakuna atakayekubali kulibeba. Atarudi Igembe kwenye miti ya baba yake, basi. Wewe ni mwalimu, umesoma, una jina. Niambie wewe mwenyewe. Utaishi vipi na mwanaume asiye na digrii?"

Mzee Mithika akainua kichwa. Kiogora akatazama chini. Karimi aliikunja ile barua mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa sweta.

"Mama aliishi na mwenye digrii tatu," akasema, "akatoka mbio bila viatu."